Ndege, Mwambie Mkamwana

Kazi yangu ni kushona. Nina chumba kimoja Ibighi, hapa Tukuyu, na mashine mbili, moja ya kufanyia kazi na moja ya kutolea spea. Wateja wangu wengi ni wazazi wanaoleta kitambaa cha sare siku mbili kabla ya shule kufunguliwa, kisha wananiuliza kwa nini nachelewesha. Kwa hiyo mwanamke mmoja aliyevaa gambuti alipoingia, akaomba nimshonee vifuko arobaini vya pamba, kila kimoja na kamba ya kukaza mdomoni, nilifurahi kupata mteja asiye na mtoto wa kupimwa.

"Vya kuwekea nini?" nikamuuliza.

"Ndege."

"Ndege wa nyama?"

"Wazima, dada. Namnasa, namweka humo dakika chache, nampima, namvalisha pete mguuni, namwachia aende zake."

Nilizitazama gambuti zake, nikamtazama usoni. Nilipokuwa mtoto, Tukuyu ilikuwa na watu wawili watatu waliokuwa wakizungumza peke yao njiani, na wote walikuwa wapole. Nikaona huyu naye ni mpole. Nikamwambia arudi Alhamisi.

Alhamisi akarudi, akavigeuza vifuko vyangu nje ndani kimoja kimoja kama mama mkwe anayekagua sufuria. Kumi na viwili akavirudisha. Alisema uzi unaoning'inia ndani unaweza kumnasa ndege ukucha, ukauvunja. Tangu nimeanza ushonaji hakuna mteja aliyewahi kukagua upande wa ndani. Nikavirudia vyote bila kunung'unika, na kimoyomoyo nikaanza kumwita Mtaalamu.

Alipokuwa akisubiri, aliona daftari langu la vipimo. "Mwandiko huu ni wako?" Nikasema ni wangu. Akasema anatafuta mtu wa kumwandikia asubuhi tu, kwa wiki tatu, wakati ndege waliokuja kukimbia baridi ya Ulaya wanarudi kwao kaskazini. Mwezi Machi sare zimeshapoa. Nikakubali. Alichokuwa hajapata ni mahali. Alitaka penye miti ya zamani, wadudu wengi na watu wachache, pasipo mbali sana na barabara, maana mvua za kwetu hazimwonei huruma mtu mwenye gari dogo.

Nilimsimulia mume wangu kwa simu. Yeye ni fundi wa magari Tunduma na huja nyumbani kila mwisho wa mwezi. Alicheka kwanza. Mtu anayecheka kabla ya kujibu, ujue jibu lake lina mtego.

"Si umpeleke kisiwani kwa baba?" akasema.

Hicho kisiwa nikieleze, kwa sababu ukikisikia unaweza kudhani ni kitu kikubwa. Kule Lufingo, chini ya shamba la baba mkwe wangu, kuna kijito kinachogawanyika mara mbili, kinakizunguka kipande cha ardhi chenye miti mikubwa, kisha kinaungana tena. Hapo katikati patatosha nyumba mbili na banda la kuku. Wakati wa kiangazi mbuzi huvuka bila kulowa magoti. Lakini masika yakianza, maji hujaa pande zote mbili, na baba mkwe wangu huanza kusema "kisiwa changu" kwa sauti ya mtu mwenye bandari.

Shida haikuwa kisiwa. Shida ilikuwa mwenye kisiwa na mimi.

Mimi ni mtoto wa mjini. Babu yangu alipanda huku kutoka pwani na marobota ya vitambaa, akasema atakaa msimu mmoja, mvua ikamkuta, akakaa hadi tukamzika. Nilipoolewa na Mnyakyusa wa Lufingo, mtu wa kanisani, tulifunga ndoa bomani. Kila upande ulinuna kwa zamu yake, kisha pilau ikaiva na ndizi zikapikwa, na mtu aliyeshiba hanuni vizuri. Siku ya pili mama mkwe akaniita jikoni kunifundisha sheria za nyumba. Nyingi zilikuwa rahisi. Moja ilikuwa hii: kwa desturi ya wazee wa Kinyakyusa, mkamwana haonani na baba mkwe wake. Ukimsikia njiani, unapisha. Akiingia mlango wa mbele, wewe unatokea wa nyuma. Humtazami usoni, humsemeshi, na jina lake hulitaji, wala neno linalofanana na jina lake.

Majirani wengi wameshaiacha desturi hiyo. Siku hizi wakwe na wakamwana wanapiga picha za harusi wameshikana mabega. Lakini baba mkwe wangu akishika jambo halidondoki. Ni mzee wa kanisa, na mchungaji mwenyewe alishamwambia kwamba hili si la lazima. Alijibu kwamba hata kuvua kofia ibadani hakukuandikwa kwenye zile amri kumi.

Kwa hiyo kwa miaka kumi na moja nilimjua kwa kikohozi chake cha kunitahadharisha, kwa kofia yake msumarini, na kwa mgongo. Mgongo ule niliujua vizuri. Ningeweza kumshonea koti bila kumpima. Na jina lake, kwa bahati yangu mbaya, linaanza sawasawa na namba inayofuata sita. Nyumbani kwake nilikuwa nasema "sita na moja". Mwanetu wa kwanza alifika darasa la kwanza akihesabu hivyo, mwalimu akaniita shuleni.

Mama mkwe ndiye aliyekwenda kuomba ruhusa kwa niaba yetu. Mzee akakubali kwa masharti mawili: pasikatwe mti hata mmoja, na yeye mwenyewe awepo kila asubuhi kuhakikisha. Mama mkwe akamweleza kwamba mkamwana naye atakuwepo, ndiye mwandishi. Mzee akamaliza chai yake kwanza.

"Kijito kina ng'ambo mbili," akasema mwishowe.

Ikawa hivyo. Sisi tuwe kisiwani, yeye akae ng'ambo kwenye migomba yake, juu ya kigoda, ametupa mgongo. Atahakikisha kwa masikio.

Asubuhi ya kwanza nilifika na bodaboda kabla jua halijatoka. Tulivuka juu ya magogo mawili yaliyolazwa juu ya maji, Mtaalamu kwa gambuti zake, mimi kwa viatu vya duka. Akatega nyavu tatu. Ni nyuzi nyeusi nyembamba kama utando wa buibui, ukisimama hatua tatu huzioni. Wa kwanza kunaswa siku ile nilikuwa mimi, kifungo cha sweta. Mtaalamu akaninasua taratibu, uzi mmoja mmoja, huku akinisihi nisipapatike. Baadaye nilipomwona akiwanasua ndege kwa maneno yale yale nilijua nimepokelewa kazini.

Kisha kikasikika kikohozi. Nikashusha ushungi na kugeukia mti. Kigoda kikawekwa. Mtaalamu, ambaye nilikuwa nimemweleza mambo haya lakini nadhani alidhani natia chumvi, akasalimia kwa sauti, "Shikamoo mzee!"

"Marahaba, mwalimu." Kila mtu anayetembea na daftari, kwa baba mkwe wangu ni mwalimu. "Leo mmepata nini?"

"Huyu hapa mdogo, mzee. Atakwenda Ulaya."

Alikuwa kindege cha rangi ya jani lililochujuka, mguu wake mwembamba kama njiti ya kiberiti iliyopasuliwa mara mbili. Mtaalamu alikuwa amemshika kichwa kikiwa katikati ya vidole viwili, kwa namna ambayo ndege hawezi kuruka wala kuumia.

"Haka? Kana uzito gani?"

"Kama vijiko viwili vidogo vya sukari."

Mgongo ukatafakari. "Mimi kwenye chai naweka vitatu," ukasema. "Basi kila asubuhi nakunywa kandege kamoja na nusu. Na kanakwenda Ulaya! Mimi nikifika Kiwira tu magoti yanauma."

Alipoambiwa kuhusu pete aliuliza mahari imepokelewa na nani. Mtaalamu akasema hakuna mahari, ni pete ya kumtambulisha, ina namba, akinaswa tena popote duniani watu wajue alipita hapa.

"Mnavalisha pete mabinti wa watu bila mahari, na hamjui hata kwao," akasema mzee. "Haya. Mimi nipo kuhakikisha tu."

Siku tatu zikapita namna hiyo, yeye akisema na Mtaalamu, mimi nikiandika nimekipa kisogo kile kigoda. Siku ya nne nilikuwa nimeshika ndege, maana Mtaalamu alishaanza kunifundisha, alikuwa kurumbiza mwenye kifua cha rangi ya chungwa bivu, na mwisho wa khanga yangu ulikuwa umedondokea kijitoni bila mimi kujua. Ng'ambo nikasikia mtu akijisafisha koo.

"Kandege," akasema mzee. "Wewe kandege ulioko mkononi. Mwambie mkamwana khanga yake inakunywa maji."

Nilisimama kama nguzo. Miaka kumi na moja. Sijui aliwezaje kujua kuhusu khanga wakati ametupa mgongo, na sikuuliza. Nikaivuta khanga, nikamwinamia kurumbiza.

"Ndege," nikasema, "mwambie baba ahsante."

Mtaalamu akamtazama ndege, akautazama mgongo wa mzee, akanitazama mimi. "Dada," akaniuliza kwa upole, "huyu tumwandike sasa au bado ana mazungumzo?"

Kuanzia hapo ndege walipata kazi ya pili. Kila niliyemshika alibebeshwa ujumbe. Wajukuu wanasomaje? Ndege, mwambie baba wanasoma, ila wa pili anapenda mpira kuliko kitabu. Mwanangu Tunduma anakula vizuri? Ndege, mwambie baba anakula, suruali nimeilegeza mara mbili. Baada ya siku chache nikagundua mzee anachagua wajumbe. Kurumbiza, kwa kuwa anaimba vizuri, alipewa salamu. Shore, anayetoboa mapapai ya watu, alipewa malalamiko: mwambie mkamwana krismasi hawakuja. Na siku za ndege wachache tulikuwa na maneno machache. Yeye hakusema na mikono mitupu.

Kisha likatokea la mbwigu.

Mtaalamu alikuwa amejikata kidole kwa waya wa kigingi, akanipa mimi koleo ya kubania pete na yeye akashika kalamu. Mimi navalisha, nasoma namba, yeye anaandika. Ndege wa kwanza nikasoma namba yake yote, na penye ile namba nikasema "sita na moja". Mtaalamu akaandika sita, akaandika moja, akahesabu, akasema pete hii ina tarakimu nyingi kuliko namba ya simu. Ikabidi nimnong'oneze sababu. Alicheka hadi akaketi kwenye tope.

Wa pili alikuwa mbwigu, yule ndege mweusi na mweupe anayekaa juu ya nguzo kama askari, mdomo umepinda kwa mbele. Mtaalamu akanionya, "Huyo anauma." Nikasema sawa. Nikamvalisha vizuri, nikageuza mguu nisome. Pete iliishia na namba ile, mara mbili. Nikavuta pumzi niseme sita na moja, sita na moja, na wakati huohuo mbwigu akaishika nyama ya kati ya kidole gumba na cha shahada, akaning'inia.

"Saba!" nikapiga kelele. "Saba! Yallah, saba!"

Mbwigu aliniachia, nami nikamwachia. Ng'ambo kigoda kikasogea. Niliona kwa pembe ya jicho mgongo ukisimama, ukachukua kigoda, ukapanda na njia ya migomba bila neno.

Kesho yake hakuja. Keshokutwa hakuja. Utani wote ukaniishia. Nilikuwa nimemwita baba mkwe wangu kwa jina, mara tatu, kwa sauti ya mtu anayeita mbuzi, mbele ya mgeni. Nilimuuliza mama mkwe ana hali gani. "Yupo uani," akasema. "Hasemi. Anapalilia palipokwishapaliliwa." Nilimwomba anifikishie msamaha wangu. Akasema atajaribu, lakini hakurudi na jibu, nami niliporudi Ibighi nikashona suruali ya mwalimu mmoja zipu nyuma.

Siku ya tatu kikohozi kikasikika. Kigoda kikawekwa mbali kidogo kuliko zamani. Akamsalimia Mtaalamu, akauliza habari za nyavu, basi. Nilinyanyua kila ndege juu kidogo, kama mtu anayeonyesha kwamba gari lina nafasi. Hakuna aliyepewa ujumbe. Siku ile tulipata ndege wengi kuliko siku zote, na sijawahi kuona asubuhi ndefu namna ile.

Iliyofuata ndiyo siku ya maji.

Mtendaji wa kijiji alikuwa amempigia Mtaalamu simu aende ofisini kusaini kitabu cha wageni. Ilikuwa mara ya tatu. Kila mara ulikuwa umepatikana ukurasa mwingine. Akaniambia, "Dada, ukiona wingu, funga nyavu." Akavuka, akaenda. Jua lilikuwa linawaka. Nilifunga wavu wa kwanza na wa pili kwa sababu tu nilitaka kunywa chai. Wa tatu ulikuwa juu ya mkono wa kijito, na nilipofika pale niliwakuta mbayuwayu wameshuka chini, wanapita juu ya maji karibu kuyagusa. Mtu wa huku kwetu Rungwe akiona hivyo anakimbia kuanua nguo. Mimi nilikuwa na wavu wenye mbayuwayu tisa ndani.

Kwetu mvua hainyeshi mahali ulipo kwanza. Hunyesha mlimani, wewe bado unaota jua, kisha maji yanakufuata. Nilikuwa namnasua wa tatu nikasikia ngurumo ambayo haikutoka mawinguni. Kijito kikageuka rangi, kikawa kama chai ya maziwa. Nikamnasua wa nne. Mikono yangu haikuwa na wepesi wa Mtaalamu, na mbayuwayu ana mabawa marefu, unatoa bawa moja anakukabidhi lingine. Wa tano, wa sita. Kila mmoja nilimtia kwenye kifuko na kukitundika shingoni. Matone yakaanza kuanguka makubwa. Nikageuka kutazama magogo, gogo moja halipo.

Ng'ambo niliona mgongo umesimama. Mdomo wake sikuuona, ila sauti ilinifikia vipande vipande.

"... mgomba! ... mwambie ... atoke!"

Ndege wote walikuwa kwangu. Mzee wa watu alikuwa anatuma ujumbe kwa mgomba, na maji yalikuwa yanaula njiani. Nikampigia kelele kwamba bado wawili. Nadhani hakusikia. Nikamnasua wa nane, nikamnasua wa tisa, nikauviringisha wavu kwenye mti wake, nikashuka ukingoni. Gogo lililobaki lilikuwa linacheza, upande wa kwake unanyanyuka na kushuka.

Hapo baba mkwe wangu akageuka.

"Wewe mama!" akaita. "Wewe! Toka huko sasa hivi!"

Nikainua macho, nikamwona uso. Naomba nieleweke, maji yalikuwa yanapanda na mimi siwezi kuogelea, watu wakisikia asili ya babu yangu wanadhani nimezaliwa na mapezi, lakini sijawahi kuogelea hata siku moja. Pamoja na hayo nilisahau kila kitu, nikakodoa. Alikuwa ni mume wangu. Macho yale yale yaliyokaa karibu karibu, pua ile ile, ila amepungukiwa meno mawili na kuongezewa miaka thelathini. Nilikuwa nimeishi na uso ule miaka yote ile, nimeukimbia Lufingo na kuupikia Ibighi.

"Usinitazame mimi!" akanguruma. "Tazama gogo!"

Aliingia majini hadi mapajani, akalikalia lile gogo kama mtu anayepanda punda, akalikandamiza kwa uzito wake wote. Nikavuka nimeinama, vifuko tisa vinagonga kifua changu, vyote vinapapatika. Katikati mguu uliteleza, kiatu cha duka kikaenda. Nilipofika mwisho alininyooshea mkono, nikaushika. Mkono ulikuwa wa baridi na wenye nguvu. Alinivuta hadi kwenye nyasi, akahakikisha nimesimama, kisha akaniachia haraka na kunipa mgongo.

"Fuata," mgongo ukasema.

Jikoni kwa mama mkwe hapakuwa na mtu, yeye alikuwa ameshakimbia kumtafuta Mtaalamu ofisini. Moto ulikuwepo. Nilitundika vifuko kwenye kamba, mbali na moshi, mahali pa kupata joto tu. Baba mkwe akakaa kwenye kigoda upande mmoja wa moto akitazama mlango. Mimi nikakaa upande mwingine nikitazama ukuta. Tulichuruzika maji, mgongo kwa mgongo.

"Wanapumua?" akauliza.

Nilisubiri jina la mjumbe. Halikuja.

"Wanapumua, baba."

"Wote?"

"Wote tisa."

Akakoleza moto kwa kijiti bila kugeuka. "Siku ile uliniita," akasema. "Kwa sauti kubwa."

Masikio yalinichoma kuliko mgongo uliokuwa karibu na moto. "Nisamehe sana, baba. Mbwigu aliniuma."

"Nilijua ni mbwigu. Nani asiyemjua mbwigu." Sauti yake ikaanza kulegea. "Niliondoka kwa sababu nilikuwa nacheka. Mzee wa kanisa hawezi kucheka amempa mtu mgongo, mama. Mabega yanaonekana."

"Na zile siku mbili?"

"Nilikuwa nakuja. Kila nikifika kwenye migomba nasikia ile 'yallah', naanza upya. Narudi kupalilia."

Nikaanza mimi kucheka, akafuata yeye. Alikuwa amesema kweli kuhusu mabega, niliyahisi mpaka kwenye kigoda changu. Mama mkwe na Mtaalamu walipoingia, wamelowa chapachapa, wamebeba kamba na panga, tayari kwa lolote, walitukuta tumekaa hivyo, tumepeana migongo, tunafuta machozi.

"Ndaga," akasema mama mkwe akihema, akishukuru kwa Kinyakyusa, akaketi juu ya gunia la mahindi. Akatutazama mmoja mmoja. "Mmelowa wote wawili, maji yameshawaonesha nyuso, na bado mmekaa kama watu waliogombana kwenye basi. Mnamficha nani?"

Baba mkwe alifikiri. Ni mtu wa sheria, na sheria haivunjwi jikoni tu kwa sababu watu wamelowa. Mwishowe akatamka kwamba wazee wa zamani walikuwa na njia zao za kulegeza jambo hili, na kwamba kwa kuwa ndege ni wageni na wageni wana haki zao, basi wakati nyavu zipo, yeye na mkamwana wataonana. Nyavu zikifungwa, desturi inaendelea. Mama mkwe akauliza kama jikoni nako ni kisiwani. Akasema leo ndiyo.

Mvua ilipungua kabla ya adhuhuri. Mtaalamu akawapima mbayuwayu palepale kwenye kibaraza, akawavalisha pete, mimi nikiandika kwenye karatasi mpya maana daftari lilikuwa uji. Namba ile ilipojitokeza nilimtazama baba mkwe. Akatazama juu ya paa, akasema, "Soma, soma." Wa mwisho, mzee aliomba amwachie yeye. Mtaalamu akamweka ndege kwenye kiganja chake, akaondoa vidole. Mbayuwayu hakuruka. Alikaa pale, mgongo wa buluu iliyoiva, akageuza kichwa.

"Kanangoja nini?" akanong'ona mzee.

"Hajajua kama yuko huru," akasema Mtaalamu.

Mzee alikaa amenyoosha mkono, hakuushusha. Ndege alipoondoka hakuna aliyeona ameondokaje, kiganja tu kilibaki kimefunguka, na mzee akakitazama, akakifuta taratibu kwenye suruali.

Pasaka ile mume wangu alikuja bila kutoa taarifa, akanikosa Ibighi, akaunganisha hadi Lufingo. Ilikuwa asubuhi ya mwisho mwisho ya kazi yetu. Alitufuata kijitoni, begi begani na mikate ya siagi mkononi, akasimama juu ya njia. Baba yake na mimi tulikuwa tumeinama juu ya kifuko kimoja, uso kwa uso. Mzee anashikilia kwamba kindege kilichomo ni kile kile cha jana na hakitaki kwenda Ulaya kwa sababu kimezoea. Mimi nasema cha jana kilikuwa na pete na hiki hakina. Yeye anasema kimeivua. Mtaalamu alikuwa ameweka kalamu chini, anasubiri.

"Shikamoo baba," mume wangu akaita. Hakujibiwa. Akaita tena, akanitaja na mimi.

Mama mkwe alikuwa anateremka nyuma yake na chupa ya chai. Akampokea mikate.

"Weka begi, ukae," akamwambia. "Wakimaliza watakusalimia."